Uzi: Punda mmoja, kazi tatu. Mzigo, kupandwa na mashindano (Lamu na jirani)

Kijana wa Shela
Salaam aleikum wakuu. Kila Maulidi ikikaribia, hapa Lamu mabarazani huzuka ubishi ule ule: punda wa mchanga hapandiki, wa kupanda hawezi mbio, na anayetaka vyote vitatu anunue punda watatu. Wenye ujuzi naomba mlifungue jambo hili kwa mapana. Umri, uzito, matandiko, hatamu, kwato, chakula. Mnyama mmoja anaziweza kazi hizi zote, au tunamwonea?

Fundi Shogi
Waaleikum salaam. Anaziweza. Punda ametokana na punda-mwitu wa pembe hii ya Afrika kaskazini mashariki, kwa hiyo jua kali, nyasi kavu na mwendo mrefu ni vitu vya asili yake. Kinachomvunja ni uzito uliopita kiasi, na tandiko moja kutumika kwa kila kazi.

Tuanze na umri, maana hapo ndipo wengi huharibu mapema. Mifupa ya mgongo hukomaa mwisho kabisa. Akiwa na miaka miwili mfundishe kamba, kusimama, kuinuliwa miguu na kupita vichochoroni penye watu. Miaka mitatu abebe tandiko tupu na vitu vyepesi. Mzigo kamili na mpandaji wasubiri afike minne, na akiwa mwembamba wa mifupa ngoja mitano. Muuzaji akikwambia umri, fungua mdomo uhakikishe: meno mawili ya katikati ya mbele hubadilika akiwa na miaka miwili na nusu hivi, yanayofuata mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu. Ukiona meno ya pembeni bado ni madogo meupe ya utotoni, huyo si wa saruji, hata awe na mwili.

Halafu uzito. Chukua utepe wa fundi cherehani, zungusha kifua nyuma tu ya viwiko vya miguu ya mbele, usome akishatoa pumzi. Kwa punda mzima asiye na mimba makadirio ni haya: sentimita 110 ni kama kilo 117, sentimita 115 ni kama 132, sentimita 120 ni kama 148, sentimita 130 ni kama 183. Mzigo wa mgongoni uwe kati ya robo na theluthi ya uzito huo, pamoja na tandiko lenyewe. Fanyeni hesabu wenyewe muone mfuko wa saruji wa kilo 50 unamfaa punda gani.

Bint Langoni
Kwa hesabu hiyo nusu ya punda wa mji huu wanabebeshwa kupita kiasi kila siku, Fundi. Mbona wanatembea?

Fundi Shogi
Wanatembea kwa sababu safari ni fupi na punda halii akiumia, dada. Mtazame vizuri: hatua zinakuwa fupi, mgongo unabonyea, mkia unabana, masikio yanalala pembeni, na akisimama anaupumzisha mguu mmoja wa mbele. Mguu wa nyuma kupumzika ni kawaida. Wa mbele ni maumivu.

Mchanga ndio unaowadanganya watu zaidi. Debe la lita 20 la mchanga mkavu ni kama kilo 30, na ukiwa umetoka kuloa linapanda mpaka 36 au zaidi. Madebe mawili ya mchanga mbichi ni kilo 70 na ushei. Hata punda wa kilo 183 hapo keshapitishwa. Madumu mawili ya maji ya lita 20 ni kilo 40 na kidogo, mzigo mzuri kwa punda wa sentimita 120. Saruji igawe mifuko miwili ya kilo 25, kulia na kushoto. Ukiulaza mfuko mzima juu ya uti wa mgongo unakaa kwenye mfupa mtupu, na kila hatua unayumba.

Mfugaji Matondoni
Naongeza juu ya shogi, lile tandiko la kubebea mzigo, maana vidonda vingi huanzia hapa. Shogi ya ukindu haitakiwi igusane na ngozi. Chini yake paweke mito miwili mirefu ya gunia iliyoshonwa ikashindiliwa makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, na katikati pabaki mfereji wa vidole vitatu. Pitisha mkono kwenye mfereji huo mzigo ukiwa juu. Usipopita, mito imekwisha, ifumue uijaze upya. Makumbi hushikana na kuwa magumu yakilowa jasho na chumvi, kwa hiyo mito ianikwe juani kila siku, upande wa ngozi ukitazama juu.

Mshipi wa tumboni uwe mpana, sentimita saba au nane, wa kitambaa cha pamba kilichokunjwa au wa gunia lililoshonwa. Kamba ya nailoni inakata. Mpira wa baiskeli ni laini lakini hautoi jasho, na chini yake ngozi inalainika kisha inachubuka. Mshipi ukae kiganja kimoja nyuma ya kiwiko. Punda hana mabega yaliyoinuka kama farasi, mgongo wake umenyooka, ndiyo maana tandiko humkimbilia shingoni akishuka mteremko wa kuelekea ufuoni. Dawa yake ni kamba ya kupita chini ya mkia, ivalishwe kipande cha bomba la maji kisha izungushiwe kitambaa laini. Inue mkia uangalie kila jioni, huko hakuna anayechungulia.

Na mnaposubiri mashua ya mawe kutoka Manda pale gatini, msimwache na mzigo mgongoni. Pakieni pande zote mbili kwa wakati mmoja, na kushusha vivyo hivyo.

Kijana wa Shela
Ahsanteni. Sasa kupanda. Mtu mzima anapanda punda gani kwa hesabu hii? Nikiweka kilo 70 juu ya punda wa 132 nimeshapita nusu.

Fundi Shogi
Umepita, ndiyo. Mpandaji anayefaa kwa wengi wa punda wetu ni wa kilo 50 kushuka chini. Ndiyo maana kupanda na mbio ni kazi za vijana wembamba, na mtu mzito akiwa na safari ya Kipungani amtie punda mzigo mdogo, yeye mwenyewe atembee.

Bint Langoni
Kwenye kupanda tuna ubishi mwingine, mahali pa kuketi. Sisi tunaketi nyuma, karibu na kiuno. Wazee wameketi hivyo miaka na miaka, na nina sababu: mabega ya mnyama yanakuwa huru, anageuka upesi kwenye kona za vichochoro, na mpandaji haanguki mbele punda akisimama ghafla. Na punda husimama ghafla.

Mtabibu wa Mifugo
Dada, sababu zako mbili za kwanza nazikubali. Lakini tia mkono ubavuni mwake, utafute ubavu wa mwisho, kisha tafuta mfupa wa nyonga. Sehemu iliyo katikati ya hiyo miwili haina mbavu chini yake, ni misuli na uti peke yake, na ndipo mtu anapoketi akidhani ameketi kiunoni. Mpandaji mwepesi kwa dakika chache hatadhuru. Kwa mwendo wa kila siku misuli inakakamaa, na punda anaanza kuburuta ncha za kwato za nyuma. Mkitaka kuketi nyuma keti juu ya mbavu za mwisho, na juu ya mto, usiteleze zaidi ya hapo.

Bint Langoni
Kuteleza ndiko hakuepukiki bila tandiko. Haya, lakini kwa mbio sitabadilisha mawazo. Mbio ni dakika chache.

Mtabibu wa Mifugo
Kwa mbio sibishani nawe, mradi kijana ni mwepesi.

Tandiko la kupandia lisiwe lile la mzigo. Mito ya mzigo ni minene, inamweka mtu juu sana na miguu haigusi mbavu, hivyo anamwongoza kwa fimbo tu. Tumia mto mwembamba uleule wa pande mbili, unene wa vidole viwili, na mshipi mpana. Vikuku vya kutilia miguu si lazima. Ukivitaka, vifunge kwenye tandiko lenye mti wa ndani. Vikining'inia kwenye kamba iliyopita juu ya mgongo, uzito wote wa mpandaji unakuwa kwenye ile kamba.

Hatamu ya kamba laini isiyo na chuma inatosha kabisa. Kuna wanaotia waya au mnyororo mdomoni. Kinywa cha punda ni chembamba na ulimi wake mnene, chuma kikiingia kinakaa juu ya fizi tupu kati ya meno ya mbele na magego. Kinachofuata ni kidonda, halafu punda anakataa kula, na kwa punda kukataa kula ni hatari yake peke yake, nitaieleza mbele.

Kwato Nne
Mimi niseme juu ya kigongo. Wahenga walisema punda haendi ila kwa kigongo, na watu wameufanya ndio mtaala mzima wa mafunzo. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama, anafikiri. Ukimpiga wakati huo umemthibitishia kwamba mahali pale pana hatari kweli, na kesho atasimama pale pale.

Njia inayofanya kazi ni hii. Kaza kamba kidogo kuelekea mbele, usivute kwa nguvu, subiri. Akitoa hatua moja, hata nusu, legeza mara moja. Kulegeza ndiyo tuzo yake. Rudia. Dakika 15 kwa siku zinatosha, na katika wiki tatu hivi utakuwa na punda anayeitika kamba, anayesimama kwa neno, na anayegeuka ukimgusa shingo. Baada ya hapo weka mto, halafu mtoto mwepesi ameshikiliwa na mtu pembeni, halafu mwendo. Punda aliyefundishwa kwa mzigo ana faida kubwa hapa: ameshazoea makelele, mikokoteni ya mkono, paka, watoto wa madrasa wakitoka. Ndiye huyo ninayempenda kwa kupanda kuliko yule aliyefugwa uani hajaona kitu.

Kijana wa Shela
Na mbio? Zile za Usita wa Pwani, ile njia ya kandokando ya bahari, wakati wa Maulidi. Huyo wa mchanga anaziweza?

Kwato Nne
Anaziweza akiandaliwa. Kazi ya mzigo inampa pumzi ya kwenda polepole kwa muda mrefu na miguu migumu. Haimpi kasi. Mpe wiki tano au sita. Wiki mbili za kwanza punguza mizigo kwa nusu, umpeleke mwendo wa haraka maji yakiwa yametoka, kwenye mchanga ulioloa na kushikana upande wa Shela. Mchanga mkavu wa juu usimkimbizie: kwato inazama na mishipa ya nyuma ya mguu inavutika. Wiki ya tatu na ya nne weka kukimbia kidogo kidogo: dakika mbili za kukimbia, dakika tatu za kutembea, mara nne au tano, siku moja ndiyo na moja hapana. Mwisho mzoeshe umati, maana wengi hushindwa kwa sababu ya vigelegele, na pumzi bado wanazo. Mpitishe penye watu, penye ngoma, penye mashua zinazotia nanga, akiwa na punda wenzake.

Siku mbili kabla ya mashindano asibebe chochote. Siku yenyewe maji apewe atakavyo, chakula kizito aache saa tatu kabla. Akimaliza asisimamishwe wala asifungwe mtini, atembezwe dakika 10 hadi 15, amwagiwe maji shingoni na miguuni.

Dume zima ni kazi juu ya kazi pale mwanzoni mwa mbio, akinusa jike basi. Aliyehasiwa akiwa mdogo, kati ya miezi sita na mwaka na nusu, ametulia na anafaa kwa kazi zote tatu. Jike mwenye mimba kubwa asiingie kabisa. Mimba ya punda ni kama miezi 12, na mingine hupita hapo, kwa hiyo msidanganyike na tumbo dogo.

Mtabibu wa Mifugo
Vipimo vya punda aliyepumzika, viandikeni: joto kati ya nyuzi 36.5 na 37.8, mapigo ya moyo 36 hadi 52 kwa dakika, pumzi 12 hadi 28. Mapigo yanashikwa kwenye mshipa chini ya taya. Baada ya mbio, nusu saa ikipita na bado anahema kwa nguvu, au joto limevuka 39, mpeleke kivulini na umwite mtu wa mifugo.

Maji msimbanie. Punda huvumilia kiu kuliko farasi, kisha akipata maji hunywa mengi kwa mkupuo na anafidia haraka. Uvumilivu huo ndio unaofanya asahauliwe. Kwa joto letu mwekeeni hesabu ya lita 15 hadi 25 kwa siku, na ndoo iwe safi, maana maji ya ndoo yenye harufu huyakataa hata akiwa na kiu.

Mfugaji Matondoni
Kwato. Hapa Lamu punda anatembea juu ya vitu viwili tofauti. Anayeshinda kwenye mchanga kwato hazisagiki, zinarefuka na kuinuka ncha, na uzito unakwenda kwenye visigino. Anayeshinda kwenye vichochoro vya mawe zinasagika, mara nyingi upande mmoja. Wote wawili wakatwe na kusawazishwa kila wiki sita hadi nane. Kwato ya punda imesimama wima zaidi ya ya farasi, fundi aliyezoea farasi akiilaza ameharibu. Chuma hazihitaji.

Kila jioni safisha chini ya kwato kwa kijiti butu kuanzia kisigino kwenda ncha. Ukikuta weusi unaonuka kwenye mifereji ni uozo wa kwato, na chanzo chake ni zizi lililoloa mkojo. Hata dawa iwe nzuri, pasipokauka hauponi.

Bint Langoni
Na tumbo? Punda wengi wanaachwa usiku wajitafutie, na wanachokipata ni jaa.

Mtabibu wa Mifugo
Ndiyo ugonjwa mkubwa wa mji, dada. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, lakini jaani bado kuna karatasi za nailoni, kamba na nyavu. Vikiingia tumboni vinajiviringisha na havitoki. Punda mwenye maumivu ya tumbo hagaagai sana kama farasi. Anasimama kando, ameinamisha kichwa, hali, kinyesi kinapungua. Akifikia kulala na kuinuka, hali imeshakuwa mbaya.

La pili ni mchanga wenyewe. Ukimmwagia pumba chini anameza mchanga kila siku. Kipimo chake ni rahisi: chukua konzi mbili za kinyesi kibichi, zile za katikati ambazo hazijagusa ardhi, tia kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha, jaza maji, tikisa mpaka vivurugike, ilaze kwa upande wake dakika 15. Nyuzi za majani zitaelea na mchanga utajipanga chini kama mstari wa kijivu. Ukishauona mstari huo kwa macho, lisha kwenye karai au juu ya mkeka kuanzia siku hiyo.

Chakula chake ni majani makavu na mabua kwa wingi, pumba kiasi, jiwe la chumvi. Kwa siku ni karibu asilimia moja na nusu ya uzito wake kikiwa kikavu: punda wa kilo 148 ni kilo mbili na robo hivi, aongezwe akiwa kazini. Alishwe kabla ya kufunguliwa usiku, jaa halitamvutia sana.

Na ile hatari niliyoahidi. Punda asipokula siku moja au mbili, hasa jike mnene au mwenye mimba, mwili unayeyusha mafuta yake kwa kasi, damu inajaa mafuta na ini linashindwa. Anakufa kwa kutokula, hata kama kilichomfanya asile kilikuwa jino tu au kidonda cha mdomo. Msisubiri kesho. Mpelekeni kliniki ya The Donkey Sanctuary, ipo hapa Lamu tangu 1987.

Kijana wa Shela
Vidonda vya mgongoni watu wanapaka oili chafu ya injini. Ni sawa?

Mtabibu wa Mifugo
Si sawa hata kidogo, inaua nyama inayotaka kuota. Chemsha maji, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe, osha mpaka uone nyama nyekundu safi, kausha pembeni, zuia nzi. Halafu punda apumzike mpaka nywele zianze kurudi. Na kidonda chochote cha punda kiulizie chanjo ya pepopunda. Jina la ugonjwa linawasema wenyewe.

Mkokoteni Malindi
Nachelewa lakini nami niulize, maana sisi huku Malindi hatupakii sana mgongoni, ni mikokoteni ya maji na mawe. Hesabu ni ile ile ya theluthi?

Fundi Shogi
Hapana, ndugu. Kuvuta ni kwepesi kuliko kubeba. Barabara ngumu iliyo sawa na magurudumu ya upepo, punda mwenye afya huvuta hata mara mbili ya uzito wake, ukihesabu na mkokoteni wenyewe. Penye mchanga au mlima punguza nusu. Upepo wa magurudumu ukipungua ni mzigo mwingine huo.

Angalia vitu viwili. Kwanza nira ya ng'ombe msimvalishe. Ng'ombe husukuma kwa nundu, punda husukuma kwa kifua. Mpe mkanda wa kifuani wenye upana wa sentimita 10, uliojazwa laini, upite juu ya ncha ya bega na chini ya koo. Ukipanda juu unamkaba pumzi, ukishuka unamzuia hatua. Pili usawa: pakia uzito juu ya ekseli, usogee mbele kidogo tu. Kabla hujamfunga, inua mikono ya mkokoteni uliokwisha pakiwa. Ikiwa mkono mmoja unainua bila shida, sawa. Ikikulemea, itamlemea mgongoni. Ikikuvuta kwenda juu, mshipi wa tumboni utamkata.

Mkokoteni Malindi
Na huyo wa mkokoteni akija Lamu kwenye mbio?

Kwato Nne
Aje, lakini mpe wiki nane badala ya sita, na mzoeshe kwanza mtu mgongoni. Amezoea kusikia kitu nyuma yake. Juu ya mgongo hajawahi kuwa na mtu.